Ugomvi wa England uko nje ya darasa

Tarehe 1 Septemba 2026 ndiyo siku ambayo shule za England zinatakiwa kuanza kufuata mwongozo mpya wa somo lenye jina refu: elimu ya mahusiano, elimu ya ngono na elimu ya afya. Mwongozo huo ulitolewa Julai 2025 na wizara ya elimu chini ya waziri Bridget Phillipson, na habari yake imesafiri kama zinavyosafiri habari za namna hiyo, ikinenepa kila kituo. Ikitufikia sisi tunaosoma kwa Kiswahili huwa imeshakuwa sentensi moja: Wazungu wanawafundisha watoto wa miaka mitano ngono, tena kwa lazima. Nasema sentensi hiyo ina makosa mawili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza ni la taarifa: ukiacha kilichomo kwenye somo la sayansi, elimu ya ngono katika shule za msingi za England si ya lazima, na mwongozo mpya haukuifanya iwe ya lazima. La pili ni kwamba sentensi hiyo inatufanya tutazame pasipo pake. Wapinzani na watetezi wanavutana juu ya kinachodaiwa kufundishwa, na katikati ya mvutano huo hakuna anayeuliza kama kinachotakiwa kufundishwa kinafundishwa vizuri. Wakaguzi wa shule wa huko wamekwisha kuuliza, na jibu walilopata halikuwa zuri.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya balaa imo humo. Anayesema "mahusiano" kwa Kiswahili cha leo anasikika akizungumzia mapenzi. Kipindi cha mahusiano redioni ni kile cha usiku, cha waliosalitiwa na waliorudiana. Mshauri wa mahusiano ni wa wapenzi na wanandoa. Kijana akisema yuko kwenye mahusiano, hakuna anayedhani anamzungumzia shangazi yake. Basi mzazi akiambiwa kwamba mtoto wa darasa la kwanza anapewa elimu ya mahusiano, hofu yake si ya ajabu hata kidogo. Ila katika mwongozo wa England neno hilo limebeba maana pana, ile tuliyozoea kuipa "uhusiano": wa ndugu kwa ndugu, wa rafiki kwa rafiki, wa mtoto na mtu mzima asiyemjua. Ukikimbilia "elimu ya jinsia" hujapona, kwa sababu neno jinsia lilikuwa limeshachoka kubeba uke na uume kabla halijatwikwa usawa wa wanawake na wanaume, na sasa mijadala ya utambulisho nayo imepanda juu. Ningeombwa nilitafutie somo hili jina la Kiswahili, ningesema stadi za maisha, kisha nikanyamaza.

Sheria iliyolizaa ni ya mwaka 2017, ile ya watoto na ustawi wa jamii. Kanuni zake zilipita bungeni Machi 2019 kwa kura 538 dhidi ya 21, jambo linaloonyesha kwamba halikuwa wazo la chama kimoja, na zikaanza kutumika Septemba 2020. Huo ulikuwa wakati wa Uviko, hivyo shule ambazo hazikuwa tayari ziliruhusiwa kusubiri hadi muhula wa kiangazi wa 2021. Kwa shule za msingi, mpangilio wake una vyumba vitatu, na anayetaka kubishana vizuri lazima kwanza ajue yumo chumba kipi. Chumba cha kwanza ni elimu ya mahusiano, ya lazima kwa kila shule ya msingi, ambamo mzazi hawezi kumtoa mtoto. Humo mna familia, urafiki, kuheshimiana, tabia njema mtandaoni, na namna ya kujua kwamba jambo fulani si salama na nani wa kuambiwa. Cha pili ni elimu ya afya, ya lazima kwa shule zinazogharamiwa na serikali: usingizi, meno, chakula, hisia, huduma ya kwanza, chanjo, na mabadiliko ya mwili wakati wa balehe. Cha tatu ndicho elimu ya ngono yenyewe, na hiki shule ya msingi inaamua kama itakifungua. Wizara inapendekeza kifunguliwe katika Mwaka wa 5 au wa 6, yaani kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja. Mzazi akisema mtoto wake asiingie, mwalimu mkuu anatakiwa kumkubalia. Pembeni kuna sayansi, ambamo mtoto wa Mwaka wa 2 hujifunza kwamba wanyama, na binadamu akiwa mmoja wao, huzaa watoto wanaokua wakawa wakubwa, na wa Mwaka wa 5 husoma uzazi wa baadhi ya mimea na wanyama. Huko hakuna kuondolewa, kama ambavyo mtoto haondolewi kwenye hesabu za kugawanya.

Kwa nini basi jambo la kawaida kiasi hiki liwashe moto? Sehemu ya jibu ni kwamba Waingereza wenyewe walichelewa mno kulizungumza. Tangu 1988 walikuwa na kifungu cha 28 cha sheria ya serikali za mitaa, kilichozikataza serikali hizo kuhamasisha ushoga. Walimu wengi waliogopa hata kugusa mada, na kifungu hicho hakikufutwa England na Wales mpaka 2003. Mwaka 2010 serikali ya Labour ilitaka kulifanya somo hili kuwa la lazima, lakini vifungu vyake vilitupwa katika harakaharaka za kumaliza bunge kabla ya uchaguzi. Kisha yakaja maandamano ya Birmingham mwaka 2019, nje ya shule ya msingi ya Parkfield na baadaye Anderton Park, ambako wazazi, wengi wao Waislamu, walipinga mafundisho yaliyotaja familia za watu wa jinsia moja. Kwa Anderton Park mambo yalifika Mahakama Kuu, iliyoamua Novemba 2019 kuzuia maandamano karibu na lango la shule. Picha za lango lile ndizo zilizobaki vichwani mwa watu, na wengi huzitumia hadi leo kama ushahidi wa hatari ya somo hili. Wanachosahau ni tarehe. Maandamano yalitangulia somo. Kanuni zilikuwa hazijaanza kutumika. Kilichogombaniwa Parkfield kilikuwa programu ya kufundisha usawa, iliyojengwa juu ya Sheria ya Usawa ya 2010. Unaweza kuipinga programu hiyo kwa sababu zako, na wapo waliozieleza vizuri, lakini huwezi kuitumia kuthibitisha kwamba watoto walikuwa wakifundishwa kujamiiana.

Mwongozo wa 2025 nao umesomwa kwa miwani hiyohiyo. Mei 2024 serikali ya Conservative ilitoa rasimu iliyoweka mipaka ya umri, ikiwemo kwamba elimu ya ngono isifundishwe kabla ya Mwaka wa 5. Serikali ikabadilika Julai mwaka huo, na mwongozo wa mwisho wa Labour ukaiondoa mipaka hiyo migumu. Waliozoea kusoma vichwa vya habari wakahitimisha kwamba mlango umeachwa wazi kwa kila umri. Ukiusoma mwongozo wenyewe, unakuta pendekezo la elimu ya ngono kwa shule za msingi bado ni Mwaka wa 5 au wa 6, lilelile, ila sasa mwalimu akiona watoto wadogo zaidi wanaoneshana video chafu kwenye simu anaweza kuzungumza nao bila kuhofia kwamba amevunja amri. Kuhusu suala la utambulisho wa kijinsia, mwongozo unasema shule zisifundishe kama jambo lililothibitishwa kwamba kila mtu ana utambulisho wa namna hiyo. Sidhani kama waliosema Labour "imefungulia kila kitu" walifika ukurasa huo.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayosikika zaidi: mtoto asiambiwe, kwa maana ukimwambia unamwamsha. Inavutia kwa sababu inafanana na busara. Lakini inasimama juu ya dhana kwamba shule ikinyamaza mtoto anabaki hajui, na dhana hiyo imekufa. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa watoto wa England ilichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahoji vijana wa miaka 16 hadi 21 kuhusu picha za ngono: asilimia 10 walikuwa wameshaziona wakiwa na miaka tisa, na asilimia 27 wakiwa na kumi na mmoja. Hawa wa kumi na mmoja bado ni watoto wa shule ya msingi. Wamekwisha kuamshwa, na aliyewaamsha hakuwa mwalimu. Mwili nao haungoji kikao cha wazazi, kwani balehe ya msichana kwa kawaida huanza wakati wowote kati ya miaka minane na kumi na mitatu. Binti anayeona damu akiwa hajawahi kuambiwa lolote hudhani anakufa, na sioni ni maadili gani yanayolindwa na hofu hiyo. Kuhusu kuamsha kwenyewe, mapitio ya tafiti yaliyotumika kuandaa mwongozo wa kimataifa wa UNESCO wa 2018 yalionyesha kwamba elimu ya namna hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Ikiwa na athari, ni kuchelewesha. Nakiri kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizo zinahusu vijana wa sekondari. Hata hivyo anayedai kuwa elimu inaamsha ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo naona bado uko chini.

Kuna jambo hapa ambalo sisi wenye Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitafakari. Mwongozo unataka watoto wajue majina halisi ya viungo vyao vyote, hata vile visivyotajwa mezani, na hilo limewaudhi wengi kuliko mengine. Sisi viungo hivyo tunaviita sehemu za siri. Ni tafsida nzuri, ya heshima, nami nimeitumia maisha yangu yote bila kuisikiliza. Isikilize sasa kwa masikio ya mtoto wa miaka sita. Ameambiwa kwamba sehemu ile ni ya siri, halafu siku moja mtu mzima anamgusa pale na kumwambia, hii ni siri yetu mimi na wewe. Neno la mhalifu na neno la mama yake limekuwa moja. Mwongozo wa England unaagiza watoto wafundishwe kwamba si sawa wakati wote kutunza siri kama inahusu usalama wao. Kwa Kiswahili agizo hilo linagongana na lugha yenyewe, na anayelitafsiri bila kuliona hilo ametafsiri maneno tu. Tungeweza kusema "sehemu zako mwenyewe", au kuviita kwa majina yake, uume na uke, ambayo ni maneno ya kitabuni wala si matusi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tumeichukua methali hiyo tukaitumia kwa madeni na maradhi, kila mahali isipokuwa pale inapotaja.

Hoja ya wazazi ni nzito zaidi, na watetezi wa somo huipunja. Mzazi anayesema "mtoto ni wangu, maadili ni yangu, sikuyakabidhi kwa serikali" hasemi upuuzi. Shule inapogusa familia, aibu, mwili na dini, inaingia chumba ambacho mzazi ndiye mwenye ufunguo, na kumwita mjinga au mbaguzi kwa sababu amesimama mlangoni ni kumpoteza moja kwa moja. England ilijaribu kupima uzito huo: shule lazima iwashauri wazazi inapotunga sera yake, iitangaze sera hiyo, na sasa inatakiwa iwaonyeshe vifaa vya kufundishia wakiomba, hata kama vimenunuliwa kwa watoa mafunzo wa nje. Kipengele hiki cha mwisho kilikuja baada ya baadhi ya kampuni kudai kwamba vifaa vyao ni mali ya biashara visivyoweza kuonyeshwa, na hapo, kusema kweli, wazazi walikuwa na haki kabisa ya kukasirika. Huwezi kumfundisha mtoto asiwafiche wazazi wake mambo halafu wewe ukawaficha wazazi hao kitabu. Wales wamekwenda njia nyingine. Katika mpango ulioanza Septemba 2022 elimu hii huko ni ya lazima kuanzia miaka mitatu hadi kumi na sita na mzazi hana haki ya kumtoa mtoto, na Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya wazazi waliopinga, Desemba mwaka huohuo. Kwa maoni yangu mpango wa England ni bora, ijapokuwa si kwa sababu kumtoa mtoto kunafanya kazi. Hakufanyi. Mtoto aliyekaa maktaba wakati wenzake wanafundishwa atahadithiwa yote uwanjani dakika kumi baadaye, na mwalimu wake atakuwa rafiki mwenye miaka kumi aliyesikia nusu. Ubora wake ni kwamba mzazi anayejua anaweza kutoka hulazimika kwanza kuja kuuliza kuna nini, na wanaokuja wakaoneshwa kilichomo hupata nafasi ya kubishana na karatasi badala ya uvumi.

Watetezi nao wana ahadi yao iliyopitiliza: kwamba somo hili litakomesha unyanyasaji wa watoto. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalikusanya tafiti 24 zenye washiriki 5,802 kuhusu programu za shuleni za kuwakinga watoto na unyanyasaji wa kingono. Yalikuta kwamba watoto huongeza maarifa na stadi za kujilinda, na hakukuwa na dalili kwamba wanajawa na woga. Lakini kama unyanyasaji wenyewe unapungua, tafiti hazikuweza kuonyesha. Kilichoonekana ni dalili kwamba watoto waliofundishwa walisema zaidi: takriban 14 kati ya 1,000 walifichua kutendewa, dhidi ya 4 kati ya 1,000 wa upande wa pili. Tusiibeze tofauti hiyo, maana nyuma ya kila namba kuna mtoto ambaye angeendelea kunyamaza. Tusiiongezee chumvi pia. Mtoto wa miaka saba hawezi kumshinda mtu mzima kwa sababu alifundishwa kusema hapana, hasa ikizingatiwa kwamba wengi wa wanaowadhuru watoto ni watu ambao watoto hao wanawafahamu na kuwapenda. Tukiliuza somo kama ngao, siku linaposhindwa tutakuwa tumemtwika mtoto lawama: si ulifundishwa, mbona hukusema? Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo na ina manufaa yake, nayo ni kumpa mtoto maneno, na kumwonyesha mtu wa kumwambia. Kisha mtu huyo awepo.

Na hapo ndipo penye ugonjwa ambao hakuna aliyeuandamania. Ripoti ya Mei 2013 ya Ofsted, ofisi ya wakaguzi wa shule wa England, ilikuta kwamba ufundishaji wa PSHE, kifupi ambacho walimu wa huko hulikusanyia somo lote hili pamoja na maarifa ya jamii na fedha, haukuridhisha katika asilimia 40 ya shule. Miaka minane baadaye, Juni 2021, baada ya maelfu ya wasichana kueleza mtandaoni waliyotendewa na wanafunzi wenzao, Ofsted walitembelea shule na vyuo 32 na kuzungumza na watoto zaidi ya 900. Watoto hao walisema somo haliwapi wanachohitaji, hivyo wanajifunza kwa marafiki na mitandao. Hao walikuwa wakubwa kidogo, ila waliyoyakosa yalitakiwa kuanza chini. Hakuna la kushangaza humo. Mwalimu wa shule ya msingi ya England hufundisha darasa moja karibu kila kitu, kuanzia sehemu za hesabu hadi historia ya Warumi, na Mwaka wa 6 unaisha kwa mitihani ya taifa ya Kiingereza na hesabu ambayo shule hupimwa kwayo hadharani. Somo la kujua kama rafiki yako ni rafiki halina mtihani. Lisilo na mtihani husogezwa Ijumaa mchana, kisha siku moja ya mwaka ambayo mgeni huletwa kuzungumza, kisha ukumbini kwa video ya dakika ishirini.

Nakumbuka mwalimu wetu wa sayansi alipofika sura ya uzazi. Alifunga kitabu, akatazama dirishani, akasema: hii mtasoma wenyewe nyumbani, ipo kwenye mtihani. Tulisoma wenyewe, kwa kicheko, na tulichojifunza hasa ni kwamba mtu mzima mwenye elimu yake anaweza kuziogopa kurasa sita. Hakuwa mwalimu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kusimama mbele ya watoto hamsini na kulisema neno lile bila sauti kumkauka. Naamini walimu wengi wa England wako palepale, wakiwa na mwongozo mzuri zaidi mkononi na woga uleule kooni, ulioongezewa hofu kwamba mzazi mmoja akirekodi sentensi yao moja jioni hiyo watakuwa nchi nzima.

Hili likikubalika, maswali ya kuuliza yanabadilika, kwa mzazi na kwa serikali. Mzazi anayeuliza "mnamfundisha mwanangu ngono?" huenda akapewa jibu fupi la kweli, hapana, naye atarudi nyumbani akiwa hajajua lolote. Akiuliza nani anafundisha, amepata mafunzo ya siku ngapi, somo lina nafasi gani kwenye ratiba ya wiki, na mtoto akisema jambo zito darasani nini kinafuata ndani ya saa ile, mwalimu mkuu atalazimika kufungua daftari. Serikali nayo iulizwe ni fedha kiasi gani zinakwenda kwenye mafunzo ya walimu, kwa kuwa kurekebisha mwongozo ni rahisi na kunaleta vichwa vya habari, wakati kumtoa mwalimu darasani siku tatu akafundishwe kunahitaji kumlipa wa kushika nafasi yake. Conservative waliandika rasimu, Labour wakaandika upya, na huenda atakayefuata akaandika tena. Mtoto wa Mwaka wa 4 hatajua kama kuna kilichobadilika.

Walimu wanaolifundisha vizuri wana kifaa kimoja cha bei ya chini sana: kisanduku cha maswali. Mtoto anaandika swali kwenye kikaratasi bila jina, anakikunja, anakitumbukiza. Watoto wote hutakiwa kuandika kitu, hata kama ni "sina swali", ili asijulikane aliyeuliza. Baadaye mwalimu anavifungua akiwa peke yake, anatenga vya kujibiwa mbele ya wote, vya kurudishwa kwa mzazi, na kile kimoja, pengine kimoja kwa mwaka, ambacho akikisoma anasimama na kwenda moja kwa moja ofisi ya anayeshughulikia usalama wa watoto. Kabla ya kuuliza chochote kingine kuhusu shule, ningependa kujua kama kisanduku hicho kipo, na kilifunguliwa lini mara ya mwisho.